Nyama ya jicho: kuikata ni nusu ya kazi

Kuna swali ambalo kila mgonjwa wa nyama ya jicho mkoani Singida angepaswa kuwa nalo mdomoni kabla hajapanda kitanda cha upasuaji: "Daktari, ukishaitoa, hapo panapobaki wazi utapafunika na nini?" Wengi hawalijui. Huuliza bei, huuliza kama inauma, huuliza kama watarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni maswali ya haki kabisa, lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloamua kama nyama itarudi baada ya miezi minne. Hilo la kufunika ndilo linaloamua.

Nyama hii, ambayo kitaalamu huitwa pterijiamu, huota kwenye utando mwembamba uliotanda juu ya weupe wa jicho. Mara nyingi huanzia upande wa puani, ina umbo la pembetatu na mishipa myembamba ya damu, na ncha yake hutambaa polepole kuelekea konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ambayo mwanga huingilia. Siyo mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo ndani, nyuma ya mboni. Nyama iko nje, mtu anaiona mwenyewe akijitazama kwenye kioo. Watu huyachanganya maradhi haya mawili kila siku, na kuchanganya huko kuna gharama yake. Mzee mwenye yote mawili hutolewa nyama, akashangaa kwamba bado haoni, kumbe kizuizi kikubwa kilikuwa kwenye lenzi. Na hata pale madaktari wanapokusudia kumwekea lenzi mpya, nyama kubwa huvuta konea na kubadili mbonyeo wake, hivyo vipimo vya lenzi hutoka na makosa. Ndiyo maana mara nyingi huanza na nyama, wakasubiri jicho litulie, kisha wakarudi kwenye lenzi.

Ukitaka kujua kwa nini maradhi haya yanastawi Singida, simama nje ya mji saa nane mchana mwezi Agosti. Mkoa umekaa kwenye uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, na mji wenyewe uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta. Mvua ni ya msimu mmoja. Ikikatika, ardhi hukauka, majani hupukutika, na upepo unaanza. Upepo huo una nguvu kiasi kwamba kwa miaka mingi Singida imekuwa ikitajwa kila panapozungumzwa umeme wa upepo nchini. Wahandisi huufurahia. Macho ya mkulima wa vitunguu, ya mchungaji wa Mkalama, ya mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Ikungi, ya kijana wa bodaboda anayekula vumbi la lori lililomtangulia, hayaufurahii hata kidogo.

Hata hivyo vumbi na upepo ni wasaidizi tu. Mshtakiwa mkuu ni jua, hasa mionzi yake ya urujuanimno. Mwaka 1965 daktari Cameron alichapisha kitabu kuhusu maradhi haya duniani kote, akaonyesha kuwa yanakaa zaidi kwenye mshipi unaoizunguka dunia kutoka nyuzi 37 kaskazini hadi nyuzi 37 kusini mwa Ikweta. Singida imo katikati ya mshipi huo. Urefu wa nchi nao unachangia: kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Kwa dunia nzima, uchambuzi wa tafiti 20 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 10 waliochunguzwa alikuwa na nyama hii.

Kwa nini basi iote upande wa puani na isiote upande wa sikioni, ambako ndiko jua hupiga zaidi? Jibu linalokubalika na wengi lilitolewa mwaka 1993 na Minas Coroneo, daktari wa macho wa Australia. Alieleza kwamba mwanga unaoingia kutoka ubavuni, upande wa sikio, hupindishwa na konea na kukusanywa upande wa pili, kwenye ukingo wa konea ulio karibu na pua. Hapo hufika ukiwa umeongezeka nguvu hadi mara 20. Chembe zinazolinda ukingo ule, ambazo kazi yake ni kuuzuia utando wa weupe wa jicho usivamie konea, huchomwa mwaka hadi mwaka mpaka zikashindwa. Maelezo haya yana faida ya moja kwa moja kwa mkulima: miwani iliyo wazi pembeni humlinda nusu tu. Kofia pana ya ukindu humsaidia zaidi kuliko miwani ndogo ya urembo inayouzwa stendi, na akiwa na kofia pamoja na miwani inayokumbatia uso, hapo amejilinda kweli.

Nyama ndogo iliyokaa kwenye weupe wa jicho, au iliyogusa konea kidogo tu na haisogei, haihitaji kisu. Hili ni gumu kulisema kwa mtu aliyetoka mbali. Mtu amefunga safari ya basi, amelala kwa ndugu mjini, amepanga foleni tangu alfajiri, halafu anaambiwa aende nyumbani na chupa ya machozi ya bandia na ushauri wa kuvaa kofia. Anaona amedharauliwa. Lakini daktari anayesema "bado" kwa mgonjwa wa namna hiyo anamtendea wema mkubwa, kwa kuwa nyama iliyochokozwa bila sababu huweza kurudi ikiwa nene na yenye hasira kuliko ile ya kwanza. Kisu kina nafasi yake nyama inapokaribia mboni, inapoonekana kukua kati ya mahudhurio mawili, inapopinda konea hadi mtu aone vitu vimevutika, inapozuia jicho kugeuka vizuri, au inapowasha na kuwa nyekundu kila siku licha ya dawa.

Sura ya mtu nayo ni sababu, na mimi sikubaliani na wanaoidharau. Katika mikoa jirani ya Shinyanga na Tabora wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, vumbi na jua. Mahali ambapo wekundu wa jicho unaweza kumletea bibi kifo, hakuna haki ya kumwambia kwamba tatizo lake ni la urembo tu.

Kabla ya kufika hospitali wengi huwa wameshapita kwingine. Kuna wanaotiwa utomvu wa mimea, kuna wanaotiwa asali, sukari iliyosagwa, maziwa ya mama anayenyonyesha, na kuna waliokwanguliwa. Nia ya anayetia ni njema, mara nyingi ni mama mzazi au shangazi. Lakini konea haina huruma na nia. Mwaka 1994 David Yorston na Allen Foster, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, walichapisha utafiti wao wa Tanzania uliohusisha dawa za kienyeji za macho na vidonda vya konea. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa mbele ya mboni hakuna upasuaji wa nyama utakaorudisha uoni.

Dawa za dukani zina hatari yake pia, na hii naiona kubwa zaidi kwa sababu inakuja na lebo. Matone yenye steroidi huondoa wekundu ndani ya siku chache. Mgonjwa hufurahi, hurudi dukani kwa chupa ya pili, ya tatu, ya kumi. Nyama ipo palepale, imepauka tu, huku ndani ya jicho presha ikipanda kimyakimya na kuua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Matone haya ni dawa nzuri sana baada ya upasuaji, yakipimwa na daktari na yakiwa na siku ya kuanza na siku ya kukoma.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linamfanya mgonjwa wa Afrika Mashariki awe tofauti na wa Australia. Siyo kila nyama ni nyama. Miaka ya 1990, wakati ukimwi ukiwaka, madaktari wa Uganda walianza kuona saratani ya utando wa jicho kwa vijana, ugonjwa ambao kabla ya hapo ulijulikana kuwa wa wazee. Mwaka 1995 Ateenyi-Agaba aliandika kutoka Kampala akionyesha uhusiano wake na VVU. Saratani hii huanza mahali palepale, kwenye ukingo wa konea, na mwanzoni hufanana mno na pterijiamu. Dalili zinazopaswa kumshtua daktari ni kukua kwa wiki badala ya miaka, uso wa uvimbe kuwa mkavu na mweupe kama maganda, rangi ya kahawia isiyo ya kawaida, na mishipa minene inayoulisha. Kwa hiyo kipande kinachokatwa hakistahili kutupwa kwenye ndoo. Kinatakiwa kiwekwe kwenye dawa na kupelekwa maabara, na mgonjwa apewe majibu yake. Ikiwa ni saratani, ipo njia ya kuizuia isirudi: nchini Kenya, Stephen Gichuhi na wenzake walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kuwapa wagonjwa matone ya dawa ya fluorourasili baada ya upasuaji. Waliopata dawa, saratani iliwarudia karibu asilimia 11. Waliopata matone yasiyo na dawa, asilimia 36. Tiba hiyo ilijaribiwa kwa macho ya watu wetu wenyewe.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji.

Kukata nyama ya jicho ni kazi ya kale. Sushruta, mganga wa India ya kale, alishaeleza namna ya kuilegeza kwa chumvi, kuinyanyua kwa kulabu na kuikata, na alionya mkataji asiumize kona ya jicho. Karne nyingi baadaye mbinu ilikuwa ileile kwa msingi wake: nyanyua, kata, acha. Mwaka 1948 D'Ombrain wa Australia aliipa njia hiyo ya kuacha weupe wa jicho wazi umbo lake la kisasa, na kwa kuwa ni rahisi na huchukua dakika chache, ilienea kote. Inavutia kwa kutazama. Jicho linatoka safi. Kisha miezi inapita, na utando wa pembeni, ukikuta uwanja umeachwa wazi bila mlinzi, unarudi kuujaza. Mwaka 1997 Donald Tan na wenzake wa Singapore, nchi iliyo karibu na Ikweta kuliko hata Singida, walilinganisha njia mbili kwa wagonjwa waliopangwa kwa bahati nasibu. Walioachwa wazi, nyama ilirudi kwa asilimia 61. Waliofunikwa kwa utando wao wenyewe, asilimia 2. Kwa wale ambao nyama ilikuwa imesharudi mara moja na wakaja kukatwa tena, kuachwa wazi kuliirudisha kwa asilimia 82.

Mgonjwa aliyerudiwa na nyama mara mbili au tatu huambiwa na majirani kwamba ana damu mbaya, au kwamba hakufuata masharti, au kwamba kuna mkono wa mtu. Takwimu hizo zinasema jambo jingine. Kwa sehemu kubwa nyama ilirudi kwa sababu kidonda hakikufunikwa, na hilo halikuwa kosa la mgonjwa.

Kufunika kwenyewe kulielezwa vizuri mwaka 1985 na Kenneth Kenyon na wenzake wa Marekani. Jicho linatiwa matone ya ganzi, kisha sindano ndogo ya ganzi inapigwa chini ya nyama yenyewe; mgonjwa yuko macho, anasikia sauti za watu, anahisi kuguswa ila hahisi maumivu makali. Chini ya hadubini, daktari anaitenganisha ncha ya nyama na konea kwa ubapa wa kisu, akilisafisha eneo hadi lilainike. Anaukata mwili wa nyama pamoja na tishu nzito zilizo chini yake, kwa sababu mizizi ya tatizo imo humo. Weupe wa jicho unabaki wazi, pengine milimita tano kwa sita. Anapima kwa kipimo. Kisha anamwambia mgonjwa atazame chini, na chini ya kope la juu, mahali ambapo jua halijawahi kufika, anachora kiraka cha ukubwa uleule au kupita kidogo. Hapa ndipo ufundi ulipo. Kiraka kinatakiwa kiwe chembamba sana, kisibebe tishu za chini, la sivyo kitasinyaa na kuvimba. Upande wake uliokuwa umekaa karibu na konea lazima uwekwe tena karibu na konea, kwa kuwa unabeba chembe za kujenga upya ule ulinzi uliochomwa na jua. Kikigeuzwa juu chini hakishiki. Sehemu kilipotolewa hupona yenyewe ndani ya wiki chache.

Kiraka hushikizwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, au kwa gundi maalumu ya fibrini. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa gundi hufupisha upasuaji na hupunguza kurudi kwa nyama kuliko nyuzi. Lakini gundi ni ghali na hutaka jokofu lisilokatikiwa umeme. Ipo njia ya tatu isiyogharimu chochote: damu ya mgonjwa mwenyewe, inayotoka kidogo kwenye kidonda, huachwa igande chini ya kiraka huku daktari akikilaza na kusubiri dakika kadhaa. Kiraka huweza kuteleza zaidi kwa njia hii, hivyo mgonjwa hachezi na jicho siku za mwanzo. Kwa hospitali ambayo leo ina nyuzi na kesho haina, ningependa kuona madaktari wetu wengi wakifundishwa njia hii.

Mengine yaliyojaribiwa badala ya kiraka yana gharama zake. Mionzi ya strontiamu na dawa ya mitomisini, iliyoanza kutumiwa kwenye nyama hii huko Japani miaka ya 1960, huzuia nyama kurudi, lakini zikizidi kipimo huweza kuyeyusha weupe wa jicho miaka baadaye. Utando wa kondo la nyuma unasaidia, ila hauwi bora kuliko utando wa mgonjwa mwenyewe.

Kwa nini basi bado wapo watu wanaoachwa wazi? Sababu ni saa. Kukata na kuacha ni kazi ya dakika kumi; kukata na kupandikiza ni ya nusu saa na zaidi. Huduma za macho vijijini kwa kiasi kikubwa hutegemea kliniki za mkoba na kambi za macho, ambapo timu inafika, inapokea umati, inafanya kazi siku chache na kuondoka. Katika kambi kama hiyo mwenye mtoto wa jicho hutangulia, na ni sahihi atangulie: mtu kipofu anaweza kuondoka akiona kesho yake. Mwenye nyama huwekwa mwisho wa orodha, jioni, daktari akiwa amechoka na mafuta ya jenereta yamepungua. Hapo kishawishi cha kumaliza haraka ni kikubwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayeshangilia kwamba amefikiwa.

Ningekuwa na la kuwashauri wapangaji wa huduma za mkoa, kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa hadi hospitali za dini kama Makiungu, Iambi na Mtakatifu Gaspar ya Itigi, ningewaomba wagonjwa wa nyama watengewe siku yao. Wachache kwa siku, hadubini iliyo sawa, nyuzi zilizohesabiwa mapema, na daktari asiyekimbizana na jua. Mkoa una zaidi ya watu milioni 2 kwa sensa ya 2022, na kilometa takriban 120 zinamtenganisha mtu wa Manyoni na Singida mjini. Kumkata vizuri mara moja ni nafuu kuliko kumsafirisha mara tatu, na mara ya tatu huenda akahitaji kupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa sababu makovu yameshaufanya upasuaji kuwa mgumu.

Baada ya upasuaji jicho hufungwa hadi kesho yake. Litakuwa jekundu, litawasha kama lina mchanga, litatoa machozi. Matone ya antibiotiki na steroidi huendelea kwa wiki kadhaa yakipunguzwa hatua kwa hatua, na presha ya jicho hupimwa katikati. Nyuzi za nailoni hutolewa baada ya wiki moja au mbili, kazi ambayo muuguzi wa macho aliyefunzwa anaweza kuifanya Kiomboi au Manyoni bila mgonjwa kurudi mkoani. Shambani asiende kwa wiki kadhaa, na hapa kuna mgongano na kalenda ya mkulima. Fedha za matibabu hupatikana baada ya mavuno, alizeti na vitunguu vikishauzwa, na baada ya mavuno ndipo vumbi na upepo vinapokuwa vikali. Anayeweza kusubiri na kuziweka akiba fedha zake hadi mvua zitulize vumbi, afanye hivyo. Asiyeweza, afunge kitambaa, avae kofia na miwani, na kupura alizeti wafanye wengine wa nyumbani.

Lawrence Hirst na wenzake wa Brisbane, Australia, walipofuatilia nyama zilizorudi, walikuta nusu zilirudi ndani ya siku 120 za kwanza, na asilimia 97 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo ratiba ya kumwona mgonjwa inajulikana: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, na mwaka. Mahudhurio ya mwezi wa tatu ndiyo yanayokosekana mara nyingi, na ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa utando unaoanza kurudi bado unaweza kutulizwa kwa matone au sindano kabla haujashika konea. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi, na mhudumu wa afya wa kijiji anayejua nani alifanyiwa upasuaji lini, vinatosha kumrudisha mtu huyo kliniki.